Kijiti cha Mzinga wa Pili

Kitabu cha historia ya kikosi chetu cha mizinga kilifika Jumamosi asubuhi. Sijamaliza kuchana bahasha, shemeji yangu huyo mlangoni, anavua viatu. Nyuma yake alikuwa binti yake, muuguzi, bado amevaa sare ya kazini.

"Nasikia mmeandikwa," shemeji alisema. "Haya, msomi, nitafutie mume wangu."

Mume wake alikuwa kaka yangu mkubwa. Kwenye vita ile yeye alikuwa askari wa miguu, mimi mlengaji wa mzinga wa pili. Sasa ni miaka thelathini na moja tangu kaka auawe. Shemeji hajui kusoma. Mimi nilijua tarakimu tu, kwa ajili ya kazi, mpaka mwaka juzi nilipojiunga na darasa la jioni nyuma ya kanisa. Mwalimu aliniuliza mzee kama mimi anatafuta nini kwenye herufi. Nilisema nataka kusoma Biblia. Ilikuwa kweli, lakini nusu. Nilitaka kuandika jambo ambalo mdomo wangu ulikuwa umelikataa.

Sisi wa mizinga adui hatukumwona. Alikuwa nyuma ya vilima. Tulilenga kwa kuangalia vijiti viwili vyenye mistari myekundu na myeupe, tulivyovichomeka mbele ya kila mzinga. Amri ilikuwa moja: kijiti hakiguswi. Mvua ikanyesha siku tatu. Turubai lililofunika makombora likalemewa na maji, nami nikang'oa kijiti kimoja nilitegemeze. Mara tukaitwa kufyatua. Nikakimbia kukirudisha, nikakichomeka hatua moja kando ya shimo lake. Hatua moja pale kwetu ni zaidi ya mita mia kule kombora linakotua. Kule walikuwa askari wetu kumi na mmoja, na kaka alikuwa mmoja wao.

Nilipojua kuandika, niliandika kurasa tatu kwa mkono wangu, nikampelekea meja mstaafu aliyekuwa akikitunga kitabu. Alizipokea kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, mzee," alisema.

Nilifungua ukurasa wa sitini na tatu, wenye habari za siku ile. Nikapitisha kidole polepole. Katika kurasa zangu halikuwemo hata neno moja.

"Mbona kimya?" shemeji aliuliza. "Au herufi zimekukimbia?"

Niliomba moyoni: Bwana, nipe mdomo. Kisha nikakaza kidole kwenye mstari, nikasoma kisichokuwepo: "Waliuawa na kombora la mzinga wa pili wa kikosi hiki, kwa kosa la mlengaji wake."

Shemeji alinitazama. "Mlengaji si wewe?"

"Ni mimi."

"Hebu mpe mtoto asome."

Binti alikichukua kitabu. "Waliuawa kwa mizinga ya adui," alisoma bila kusita, "wakiwa imara katika nafasi zao."

Shemeji alishusha pumzi, akacheka huku akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Shemeji, umenitoa roho! Rudi darasani, bado hujaiva."

"Sikukosea kusoma," nilisema. "Nimesema kilichotokea. Kijiti nilikihamisha mimi."

Binti alinishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo. "Baba mdogo, dawa ya presha umekunywa leo?"

"Mwache," shemeji alisema kwa upole. "Tangu msiba yuko hivyo, kila baya anajitwisha yeye. Kitabu kimeandikwa na watu waliosoma. Wangeficha kitu kama hicho?"

Shemeji alimgeukia binti yake.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Polepole. Pale penye imara."

Binti akarudia, mara mbili.

Walipotaka kuondoka, shemeji aliniomba nifunge kwa sala, kama kawaida yangu. Tulisimama, tukashikana mikono. Nilifumba macho. Walisubiri, nami nikasubiri pamoja nao. Mwishowe nilimsikia shemeji akisema amina.