Kisanduku Kinachovuma

Ratomir alikuwa na kisanduku cha sauti cha USB, kile kinachokaa kati ya kompyuta na spika ili muziki utoke safi. Chake kilikuwa kinavuma. Wimbo ukitulia kidogo tu, mmmmm. Tangu mama mkwe ahamie kwake majira ya machipuko, muziki ndio raha pekee aliyobaki nayo, na mvumo ule ulimharibia. Basi akaamua kumtwisha mtu mwingine balaa lile. Akatangaza: "Kimetumika kidogo, hakina tatizo." Mwongo mkubwa, wala hakuona haya.

Ratomir alimwita mnunuzi makusudi Jumamosi ya kusaga. Septemba mji mzima wa Leskovac hunukia pilipili hoho za kuchoma, na mama mkwe, Stamena, alikuwa sebuleni na mabeseni yake, tayari kutengeneza ajvar, rojo la pilipili hoho la kula majira ya baridi. Mashine yake ya kusagia ilinguruma kama trekta.

"Mama, mgeni akiingia tu, wewe saga. Usipumzike."

"Leo umenipenda ghafla. Kuna nini?"

"Naipenda ajvar yako tu, mama."

Mnunuzi, Živko, mstaafu mpole wa posta, akaingia. Stamena akachomoa friza iliyokaa pale sebuleni kwenye soketi ya ukutani nyuma ya kompyuta, akachomeka mashine, kazi ikaanza. Živko akatega sikio kwenye spika mpaka shingo ikamuuma.

"Mama asimame kidogo, nisikie vizuri," aliomba.

"Haiwezekani, bwana! Pilipili zikipoa zinaharibika."

Stamena alikuwa hajawahi kusikia jambo hilo maishani mwake. Alimtazama mkwewe, akaongeza pilipili. Živko akalipa, akanywa rakija yake, ile pombe kali ya matunda, akaondoka na kisanduku kwapani. Ratomir nusura acheze.

Siku chache baadaye, kisanduku kipya alichoagiza Ratomir kikiwa kimefika asubuhi hiyo, Živko akabisha hodi. Ratomir alitaka kujificha bafuni, lakini Stamena alishafungua mlango. Živko alikuwa ameshika chupa.

"Kaka, nimekuja kukushukuru! Namsikia mpiga fidla mpaka anavyovuta pumzi!"

"Hakivumi?" Swali lilimponyoka Ratomir.

"Kivume kwa nini?"

Ratomir akacheka kicheko cha uongo. Ili kuuficha mshangao, akamkalisha mgeni na kumwonyesha kisanduku kipya. Akachomeka, akaongeza sauti.

Mmmmm.

"Pole, kaka," Živko akasema kwa huruma ya kweli. "Kipya, na kinavuma? Umeuziwa kibovu. Watu wengine hawana haya kabisa."

Ratomir aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hapo Stamena akaja na beseni lake la mwisho, akachomoa friza. Kabla hajawasha mashine, mvumo ukakatika. Kimya kitamu kikajaa sebule nzima.

Ratomir aliitazama friza. Mwenyewe ndiye aliyeisukuma hadi sebuleni wakati mama mkwe alipohamia, jikoni kusibanane.

"Mama," alisema kwa sauti ya upole ambayo Stamena hakuizoea, "hii friza tuirudishe jikoni."

"Jikoni pameshajaa mitungi ya ajvar. Si unaipenda ajvar yangu?"

"Na muziki wangu je?"

Stamena akaweka kidole kwenye swichi ya mashine.

"Utausikiliza nikiwa nasaga," alisema, akawasha.