Mdomo Uliopinda

Shuleni walimwita Kiberiti, na jina lenyewe hakulipata kwa kuuza viberiti. Ukimgusa bega bila kumwambia, anawaka. Ukimcheka, anawaka. Ukimhurumia ndiyo kabisa, umejipalia makaa mwenyewe. Tangu mama yake afariki alikuwa akikaa na mama yake mdogo, fundi cherehani, kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, na haikupita wiki fundi asiitwe shuleni. Leo mtoto kapindua dawati, kesho kachana daftari la mwenzake, keshokutwa kamng'ata mtu. Fundi alisikiliza, akaomba radhi, akarudi kwenye kazi yake. Nyumbani mtoto hakuwa na neno. Aliokota vipande vya uzi sakafuni na kupanga vifungo kwa rangi zake, kimya, kama paka aliyeshiba.

Mwishowe mwalimu mkuu akachoka.

"Mama, na sisi ni binadamu. Akimuumiza mtoto mmoja zaidi, mtafutie shule nyingine."

Shule nyingine haikuwepo. Zile za karibu zilikwisha kumkataa kwa kusikia sifa zake tu.

Aliyemdaka alikuwa mwalimu wa sanaa, mwanamume mrefu ambaye vidole vyake vilikuwa vimekaukiwa na gundi siku zote, hata watoto wakamwita Mwalimu Gundi. Alikuwa akitengeneza na darasa lake vichwa vikubwa vya karatasi, kwa ajili ya mchezo wa siku ya wazazi. Kila mtoto amtengeneze mtu wa nyumbani kwao. Na kazi hiyo huanza kwa kuchana: magazeti ya zamani yanachanwa vipande vyembamba, yanalowekwa kwenye gundi ya unga, yanabandikwa juu ya puto, yanaachwa yakauke, kisha yanabandikwa mengine juu yake. Watoto wengine walichana huku wakipiga miayo. Kiberiti alichana kama mtu aliyeruhusiwa kupumua.

"Mnasema anachana vitu vya watu," Mwalimu Gundi alimwambia fundi mlangoni. "Nikaona basi, achane vinavyotaka kuchanwa."

"Na gunia la magazeti likiisha?"

"Mama, magazeti hayaishi. Watu wanapenda kusema."

Gunia liliisha, likaja jingine. Kilichomshinda Kiberiti mwanzoni ni kungoja. Karatasi mbichi haitaki haraka, ukiilazimisha, inabonyea. Siku za mwanzo alikibonyeza kichwa chake kwa ngumi mara kwa mara, na mwalimu hakumfukuza, alimsogezea bakuli la gundi tu. Baadaye akaanza kukaa dirishani karibu nacho, akikipepea kwa jalada la kitabu. Wiki zikapita bila fundi kuitwa. Fundi akaanza kuogopa furaha yake mwenyewe.

Kwa shukrani akajitolea kushona nguo za wale watu wa karatasi. Akaenda siku moja mchana, watoto wakiwa wamekwisha kutoka. Mwalimu Gundi akamfungulia chumba cha sanaa, akamwacha na futi yake ya kupimia, yeye akaenda kwenye kikao cha walimu.

Vichwa vilikuwa vimepangwa mezani: babu mwenye masikio kama vifuniko vya sufuria, shangazi mwenye mashavu ya maandazi, kitoto kisicho na shingo. Fundi akacheka peke yake. Halafu akakiona cha Kiberiti. Kilikuwa cha mwanamke. Jicho moja limelegea, na mdomo umekwenda upande, ncha yake moja imeshuka karibu na kidevu.

Alisimama mbele yake muda mrefu, futi ikining'inia shingoni.

Watamcheka, alijiambia. Siku ya wazazi ukumbi mzima utacheka, na mtoto atawaka mbele ya watu, na ndiyo utakuwa mwisho. Akagusa shavu, bado lilikuwa na unyevunyevu. Fundi cherehani hawezi kuona mshono umepinda akapita. Akachovya kidole gumba kwenye gundi, akaipandisha ile ncha ya mdomo taratibu, akaziba kwa vipande viwili vya karatasi, akalinyanyua na jicho. Akarudi nyuma, akamtazama. Sasa alikuwa mwanamke mzuri tu, anayetabasamu kidogo. Akamalizia kupima mabega ya wengine, akaenda zake.

Kesho yake kabla ya saa ya mapumziko walimwita.

Kiberiti alikuwa amekaa kwenye kiti cha ofisini, mikono chini ya mapaja. Mwalimu mkuu alieleza. Mtoto aliingia chumba cha sanaa, akakitazama kichwa chake, akamgeukia mwalimu wake akapiga kelele, "Wewe umefanya nini!" kisha akakirusha. Mwalimu aliinama. Waya wa shingo ya kile kichwa ukampata binti aliyekuwa nyuma yake, yule wanayemwita Kidoti, kwenye paji la uso. Wameshamshona.

Mama Kidoti alikuwa amesimama, mkoba umebanwa kwapani.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema. "Leo paji, kesho jicho. Nyinyi chezeni na karatasi zenu, lakini huyu aondoke."

"Mwalimu, ulikigusa kichwa chake?" mwalimu mkuu akauliza.

Mwalimu Gundi alikuwa akijibandua gundi kwenye kucha. Alijua ni nani aliyebaki chumbani mchana ule. Hakumtazama fundi hata kidogo.

"Ufunguo ninao mimi," alisema. "Kilichomo chumbani mle ni changu, na kosa lake ni langu."

"Nilijua!" Kiberiti akasema, sauti ikimkatika. "Nilijua ni wewe! Siji tena kwako. Nifukuzeni tu!"

Fundi aliona njia imefunguliwa mbele yake, pana na ya bure. Anyamaze tu. Mtoto atabaki akimpenda, vifungo vitapangwa jioni kama kawaida. Ila mtoto ataondoka hapa akiamini kwamba mtu pekee aliyempa kitu cha kuchana alimsaliti.



"Ni mimi," alisema. "Mwalimu hakugusa. Niliunyoosha mdomo mimi, kwa mkono wangu."

Kiberiti hakuwaka. Hilo ndilo lililomwogopesha fundi. Mtoto aligeuza uso, akatazama ukutani, machozi yakimshuka bila sauti.

"Mdomo gani?" Mama Kidoti akauliza, hasira ikiwa imepoteza njia kidogo.

"Wa mama yake," alisema fundi. "Alipooza upande mmoja kabla hajafariki."

Nje watoto walikuwa wakigombania bomba la maji. Hatimaye Mama Kidoti akaketi. Alisema mwanawe kashonwa, na hilo halifutiki kwa hadithi. Alisema pia kwamba akiulizwa yeye, mtoto abaki, lakini jukwaani asipande, na aende leo leo akamwombe mwenzake radhi mwenyewe, siyo kwa kusukumwa. Mwalimu mkuu akakubali. Kiberiti akaenda. Alikaa huko muda, akarudi, hakusema waliongea nini.

Njiani alitembea mbele, fundi nyuma. Walipofika karibu na duka la vitambaa mtoto akasimama bila kugeuka.

"Hukumjua kama ni yeye?"

Fundi angeweza kusema hakumjua. Lingepita.

"Nilimjua nilipomwona tu."

"Sasa kwa nini?"

"Sikuweza kumtazama, mwanangu."

"Mimi nilikuwa namtazama kila siku," Kiberiti alisema. "Mimi ndiye nilikuwa namfuta mate. Wewe ulikuwa unakuja Jumapili."

Ilikuwa kweli, na kweli haina kiraka. Wakaingia ndani. Mtoto hakuokota nyuzi, hakugusa vifungo. Akasimama mbele ya cherehani.

"Nitamtengeneza tena. Mwalimu amesema mama atakaa kwenye kiti cha mbele, hata kama mimi sipandi. Na usije kule chumbani."

"Sitakuja."

"Nguo yake nashona mwenyewe."

Fundi akamtolea kitambaa, akamtungia uzi, akampisha kiti. Mtoto akakanyaga. Mshono ukaenda kombo tangu mwanzo, ukazidi kwenda kombo, bega moja likashuka chini ya jingine. Fundi alikuwa ameketi kando, akiuona. Akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.