Chaki ya Bluu Mlangoni kwa Modesta

"Chaki yangu hii! Modesta, usinifanye mjinga. Chaki ya bluu mtaa mzima huu ninayo mimi peke yangu!"

Fundi Shamsia alikuwa mbele ya mlango wa Modesta, mkono mmoja kwenye fimbo, wa pili unaonyesha alama. Niliacha samaki wangu kikaangoni nikatoka. Ua wetu hapa Mkolani una wapangaji wengi na choo kimoja, kwa hiyo ugomvi wa mmoja ni wa wote, na mimi sipendi kusimuliwa.

Asubuhi hiyo wachanjaji wa matone ya polio walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Mtoto akishapata matone anapakwa wino kidoleni, kisha mlango unachorwa alama ya chaki. Chaki nyeupe, ya shule. Mchanjaji mmoja, Hellen, alipofika kwa Modesta akakuta pameshachorwa, akadhani mwenzake kamtangulia, akapita. Kumbe ndani Luhaga, mtoto wa miaka mitatu, kafungiwa na biskuti asipige kelele, na alama kachora mama yake kwa chaki ya kukatia nguo aliyoichukua kwenye cherehani ya Shamsia.

"Nimechora, ndiyo," Modesta akasema. "Mlango si wangu?"

"Mlango wa mwenye nyumba, chaki yangu. Wako mtoto tu, na ndiye unayemponza."

"Nimponze mwanangu mimi? Juzi juzi hapa Luhaga kawaka homa. Nimekaa zahanati toka asubuhi, nesi kaniuliza mbele za watu kama nilizaa ili nimsumbue yeye. Dawa ikawa hakuna, nikanunue dukani. Leo dawa ambayo sijaiomba inanifuata mpaka mlangoni, tena bure, na walioileta wamevaa fulana mpya! Dada Shamsia, na wewe mtu wa mjini, kitu cha bure kinachokukimbiza umekiona wapi?"

Hapo hata mimi niliitikia kwa kichwa. Nesi yule namjua. Aliwahi kuniita bibi, na wala sijafika hamsini.

"Nesi kagombane naye, nitakusindikiza," Shamsia akasema. "Dawa ya homa kaidai, nami nitapiga kelele pamoja nawe. Lakini haya matone ndiyo kazi moja waliyoianza wakaifikisha mwisho! Huijui thamani yake kwa sababu hukuwaona wenzangu." Akajipiga paja la mguu wake mbovu, jembamba kama mkono. "Mimi nakua kule Butimba, tulikuwa kundi zima tunaotembea hivi kwa polio. Haya, leo nitafutie mtoto mmoja tu mtaa huu. Mmoja!"

"Si uliumwa na mamba wewe?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Hadithi ya mamba kaileta Shamsia mwenyewe. Kila mteja anayekuja kupimwa gauni anasimuliwa jinsi mamba wa ziwani alivyomkamata mguu, na yeye alivyomng'ata mamba pua mpaka akamwachia. Kila mwaka mamba anaongezeka urefu.

"Nilikuwa nawachekesha!"

"Basi na leo unatuchekesha, dada."

Shamsia akatupa mgongo. Alitazama juu mlimani, ambako fulana za wachanjaji zilikuwa zinapotelea katikati ya mawe, akaanza kupanda.

"Fundi, ngoja nikimbie mimi," nikamwambia.

"Wewe kaange samaki!"

Akapanda kama anavyotembea siku zote: kiganja kwenye goti, anasukuma, anaburuta. Luhaga akachomoka ndani na biskuti yake, akamfuata nyuma. Watoto wa ua huu wote wanaujua mchezo huo. Akaweka kiganja kwenye goti lake dogo, akasukuma, akaburuta mguu, huku anacheka. Hakukosea hata kidogo.

Modesta akaanza kucheka kwa mazoea. Kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Luhaga! Tembea vizuri!"

Mtoto akasukuma, akaburuta.

"Tembea vizuri nakwambia!"

Akamkimbilia, akamnyanyua, akamnyoosha ule mguu akautazama kana kwamba hajawahi kuuona. Kisha akampita Shamsia, akapanda mawe mbio, mtoto kwapani, anamwita Hellen kwa sauti ya kufukuza mbuzi shambani.

Walirudi pamoja na Hellen. Kidole cha Luhaga kilikuwa cheusi kwa wino. Hellen akafuta alama ya bluu kwa kitambaa, akachora yake nyeupe.

"Na homa ikimrudia?" Modesta akamuuliza.

"Dada yangu, mimi nina matone tu."

"Ndiyo hayo ninayosema!" Modesta akatugeukia sisi sote, kama vile tulibisha. Hakuna aliyebisha.

Shamsia alifika mwisho, anahema, kakunja uso. Modesta akamwekea chaki kiganjani.

"Nesi yule sijamsamehe," akasema.

"Usimsamehe."

"Na nikienda kugomba unakwenda na mimi."

"Nimeshasema."

Wakasimama hapo, kila mmoja anasubiri mwenzake aondoke. Mimi nikasikia harufu ya samaki wangu wakiungua, nisisogee. Mwishowe Modesta akasogeza pazia la mlango wake.

"Ingia ule, dada, ugali unapoa. Ila mamba asitajwe mbele ya mtoto."