Maumivu ya Fundi Rangi

Saa tatu kamili asubuhi, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya tiba ya viungo alinawa mikono, akaisugua mpaka ikapata joto, akamkaribisha mgonjwa wake wa mtihani. Mgonjwa alikuwa fundi rangi. Kwa miaka minne mkono wake wa kulia haukuwa umepita usawa wa sikio, na kazi za dari alikwisha kuzisahau. Mwanafunzi naye alikuwa akifanya mtihani huo kwa mara ya tatu, na ya mwisho. Akianguka, miaka yake mitatu ya masomo imekwenda na maji.

"Shikamoo, mzee. Pole na bega."

"Marahaba, binti yangu. Limenitesa hili, we acha tu."

Mwanafunzi alipoligusa bega tu, maumivu yakatoka. Yalishuka polepole kwenye mkono wa fundi, kama mtu mzima anayeteremka ngazi, yakaketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Yalikuwa na ukubwa wa kuku na rangi ya majivu. Fundi akainua mkono wote, akaelekeza kidole juu.

"Aliyepaka dari hii alikuwa na haraka zake," akasema.

Profesa aliyekuwa akisimamia mtihani hakuondoa macho kwenye fomu ya alama. "Hiyo ni hatua ya pili. Ziko kumi na mbili."

"Lakini amepona, Profesa."

"Kupona hakuna alama. Soma mwenyewe."

Mwanafunzi akasoma. Kweli, hakukuwa na alama.

"Hatua ya tatu," Profesa akaendelea. "Mgonjwa aonyeshe maumivu yalipo."

Fundi akaonyesha kigoda.

"Mwilini, mzee. Binti, yarudishe. Umebakiwa na dakika kumi na tisa."

Mwanafunzi akachutama mbele ya kigoda.

"Sirudi," maumivu yakasema. "Miaka minne nalaliwa upande mmoja, tena na mtu anayekoroma. Hata mimi nina mgongo."

"Nakuomba, ndugu yangu. Mara zote mbili nilianguka kwa sababu wenzako walitoka mapema."

Fundi alimtazama mwanafunzi, kisha akautazama mkono wake uliokuwa bado juu. Akaushusha mwenyewe.

"Njoo, mwenzangu," akayaambia maumivu. "Tusimharibie mtoto wa watu."

Yakapanda mkono mpaka begani, yakinung'unika kwenye kila kiungo.

Hatua zilizobaki zilifanyika bila kasoro. Fundi aliugulia panapostahili. Profesa alitoa alama tisini na nne, ambazo hazikuwahi kufikiwa na yeyote. Sita alizikata kwa sababu kigoda kilikuwa kimekaliwa bila ruhusa.

"Mzee, rudi kitandani," mwanafunzi akasema, akisugua mikono. "Niyatoe sasa hivi."

"Kwa leseni ipi?" Profesa akauliza, akifunga kalamu. "Inatoka baada ya miezi mitano."

Fundi akampongeza mwanafunzi kwa mkono wa kushoto, akaelekea mlangoni.

"Amesema miezi mingapi?" maumivu yakauliza kutoka begani.

"Mitano," fundi akajibu, wakaenda zao.