Kamba ya Chazo

Pate nzima ilikuwa imehamia nyavu za nailoni, na Bwana Mahdi hakuwa na ugomvi nazo. Zinavua, mashaallah. Lakini yeye ndiye mzee wa mwisho mjini aliyejua kuvua kasa kwa chazo, yule samaki mwembamba anayenata kwa utosi wake. Unamfunga kamba mkiani, unamwachia, anajibandika kwenye gamba la kasa, nawe unavuta taratibu. Bwana Mahdi akifa, na ufundi huo basi tena. Jambo hilo lilimkosesha raha kuliko maradhi yake yote.

Ndipo mjukuu wake Twahir, aliyeacha kazi ya bandari Mombasa, aliposema, "Babu, nifundishe." Lo! Mzee alifurahi hata akasahau bakora yake msikitini.

Ila kamba hakuiachia. Kila wakitoka alisema, "Tazama kwanza," Twahir akabaki kupiga kasia. Chazo akinata chini ya mtumbwi, mzee humwambia, "Usimvute nyuma, utamkata mkia. Msukume mbele, mwenyewe ataachia."

Asubuhi moja kasa akaibuka karibu na mikoko. Mzee akamtupa chazo. Kamba ikakaza.

"Amenata!" akapiga kelele, akavuta. Mtumbwi ukazunguka. Akavuta tena, ukazunguka tena. Kasa alishakwenda zake.

"Babu," Twahir alisema huku akicheka hadi machozi, "umevua mtumbwi wetu!"

Mzee hakucheka. Kasa hupapatika kwenye kamba, ubao hukaa kimya. Zamani vidole vyake vingemwambia. Leo havikumwambia kitu. Aibu ikamshika, akaivuta kamba kwa hasira.

"Babu, mkia!"

Twahir alijitosa majini. Alipoibuka, chazo alikuwa mkononi, mkia mzima. "Si ulisema nimsukume mbele?"

Kumbe yamemwingia! Bwana Mahdi alifurahi, na moyo ukamuuma papo hapo. Twahir akapanda mtumbwini, akaenda kushika kasia.

"Wenda wapi? Ndoo huku, ukae hapa mbele," mzee alisema. Akamtia kamba mkononi, akakaa nyuma, akalishika kasia mwenyewe.

"Unapiga ovyo, babu."

"Nyamaza, utamtisha kasa." Akapiga kasia kidogo, macho yake yasibanduke kwenye ile kamba. "Na ikikaza usiniulize mimi. Viulize vidole vyako."