Mishumaa Yangu Yapelekwa Karantini

Usiku wa jana niliota kumekucha, ni siku yangu ya kuzaliwa, na kipima joto kimekaa kwenye kiti cha baba kinakunywa chai. Kilikuwa kile cha kumwelekezea mtu kwenye paji la uso, ila kimevaa tai. Mama alikuwa anakiongezea mahamri. Kikasema kimetumwa kuhakikisha sherehe inafuata kanuni.

Sherehe gani? Tangu Machi mji ulipofungwa na shule zikafungwa, sikuwa nimekaa na mtu wa rika langu. Keki ilikuwa moja, ya kuokwa kwa sufuria, na waalikwa walikuwa mimi na mama. Lakini nilikuwa natimiza miaka kumi na sita, na hiyo sikuwa tayari kumwachia mtu.

Kipima joto kikaielekea mishumaa niliyokwisha kuiwasha. Kikalia pii.

"Digrii mia nane," kikasema. "Yote kumi na sita ina homa. Karantini, siku kumi na nne."

Mishumaa ikashuka kwenye keki, ikapanga foleni mita moja unusu kila mmoja, ikatoka nje. Niliuliza nitapuliza nini. Nikajibiwa kwamba kupuliza kwenyewe kumepigwa marufuku. Mama akasema kwa upole, ule unaoudhi, kwamba siku kumi na nne si nyingi.

"Na umri wangu?" nikakiuliza kipima joto.

"Usiopulizwa hauhesabiki, binti. Utabaki kumi na tano hadi tutakapotangaza."

Nilipandwa na hasira hadi machozi yakanitoka. Nimenawa mikono hadi ikachubuka. Nyanya alipofiwa nilimpungia mkono kutoka getini. Mwaka wa shule ulishafutwa, na sasa wanautaka na huu wangu.

Nageuka nitoke, na sebule ni darasa letu. Mishumaa imekaa kwenye madawati, kimya, inajisomea. Mlangoni iko ndoo ya kunawia mikono, ile yenye koki, inanitazama.

Shuleni kwetu mtu hajaongeza mwaka mpaka amwagiwe maji na wenzake. Kila mwaka rafiki yangu Wakio hunivizia na beseni, nikalowa mpaka soksi. Mwaka huu yuko ng'ambo ya kizuizi cha polisi. Naiambia ndoo inimwagie.

"Siwezi," inasema. "Mimi ni ya kuosha mikono, na chochote ambacho mikono imeshika. Umeshika nini?"

Nafikiri. "Nimejishika kichwa. Tangu Machi."

Ndoo inaelekeza koki yake kichwani mwangu.

"Basi hicho nacho ni lazima kioshwe," inasema. Inapanda juu ya dawati, inahesabu hadi ishirini kama ilivyoagizwa, inajipindua. Maji ni ya baridi. Kwa mbali nasikia tai ya kipima joto ikipepea, kinakuja mbio, kimechelewa.

Nikaamka. Shuka ni kavu. Nywele ni kavu. Nikaghadhibika upya, kwamba hata maji ya ndotoni mtu hupokonywa.

Ndipo mama akaniletea simu yake. Wakio alikuwa ametuma ujumbe alfajiri:

"Mkawasi, hepi bathdei. Usinicheke. Nimeota mimi ni ndoo, nimepanda juu ya dawati, na nimeamka nimelowa chapachapa."