Pumzi za Fundi Baridi

Mtu akikwambia Fundi Baridi alikuwa mume mbaya, usimwamini. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa kupiga, na jioni alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Alikuwa anatengeneza friji za mtaa mzima, na kwa sababu hiyo akajiona anajua kila kitu kinachonguruma na kuzimika, hadi na mwili wake mwenyewe. Hapo ndipo alipomkosea mkewe mpaka mkewe akaondoka, na kumrudisha ikawa ndiyo kazi yake ngumu kuliko zote.

Alikuwa anakoroma, jamani. Jirani wa pili aligonga ukuta hadi akachoka, akahamishia kitanda chake chumba kingine. Lakini mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Wawili kwa ajili ya watoto wake, hakusumbuliwa na kelele. Kilichomtesa ni kimya. Katikati ya kukoroma Fundi alikuwa ananyamaza ghafla, kifua kimesimama, na Mama Wawili anasubiri, anasubiri, mpaka moyo unamshinda, anampiga kiwiko cha mbavu. Fundi anashtuka, anavuta hewa kwa kishindo, ananung'unika, analala tena. Baada ya muda mfupi, vilevile. Usiku kucha, mwaka baada ya mwaka.

Asubuhi Fundi anaamka kichwa kinamgonga na hasira ziko puani. Akisinzia kazini, analaumu kiwiko. Akisahau spana kwa mteja, ni kiwiko. Mkewe alimwambia si mara moja, "Baba Wawili, unakata pumzi usingizini. Nenda hospitali." Naye akamjibu kwamba hajawahi kuona mtu aliyekata pumzi akaamka kuulizia chai.

Mwisho akafanya jambo ambalo hata leo ukimtajia anainamisha kichwa. Aliwaita mashemeji zake, kaka wawili wa mkewe, akawakalisha sebuleni na kumshitaki dada yao kwamba anamnyima usingizi kwa makusudi. Angeishia hapo, tungesema ni maneno ya mtu aliyechoka. Lakini wale kaka walianza kucheka, na yeye kuchekwa hakupendi.

"Mnacheka?" akasema. "Huyu dada yenu ananihesabia pumzi. Anaingoja ya mwisho."

Mama Wawili alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Aliiweka mezani taratibu, wala hakumwaga hata tone. Kaka mkubwa, badala ya kumtetea, akamwambia amwache mumewe apumzike. Mwezi huohuo binti yao mkubwa alijifungua, upande wa pili wa mji, na Mama Wawili akasema anakwenda kumsaidia mzazi. Alibeba begi kubwa kuliko la safari ya namna hiyo. Mtoto mwenyewe sasa anatembea, na bibi yake yuko hukohuko.

Fundi alijitia hamnazo. Alidhani sasa, bila kiwiko, ataamka mwepesi kama kijana. Wapi. Alizidi kuchoka, akawa anasinzia hata amesimama. Siku moja mchana, jikoni kwa mteja, alikuwa analehemu bomba la friji kwa tochi ya gesi, akapitiwa. Alizinduliwa na maji ya ndoo. Pazia lilikuwa limeshika moto karibu na kichwa chake, na mwenye nyumba, mama mmoja asiye na mchezo, alimshika mkono hivyohivyo ameloa akampeleka hospitali.

Huko kwenye kliniki ya usingizi walimlaza na nyaya kifuani na kichwani. Majibu alisomewa na muuguzi mmoja mpole, aliyekuwa anamwonyesha kwa kalamu: hapa umeacha kupumua, hapa tena, hapa tena. Karatasi nzima ilikuwa hivyo.

"Umeishi hivi miaka mingi," muuguzi akasema. "Nyumbani unalala na nani?"

"Peke yangu."

"Na zamani?"

"Na mke wangu. Yeye alikuwa ananipiga kiwiko."

Alisema kwa kucheka, akitegemea muuguzi naye acheke. Muuguzi aliitazama tena ile karatasi. "Kila mara ulipokata?"

Fundi akaivuta karatasi karibu. Alikuwa anajumlisha mwenyewe. Kila mara. Usiku wote ule alioamshwa yeye mara nyingi, kuna mtu alikuwa macho tangu mwanzo ili amwamshe. Na huyo ndiye mtu ambaye Fundi alimwita mngoja kifo mbele ya ndugu zake. Alitoka pale na mashine aliyopewa ya kuvaa usingizini, hata kuaga hakuaga.

Mashine yenyewe ni kisanduku kidogo cha kusukuma hewa, kina bomba laini na barakoa ya kubana pua. Fundi aliitazama akasema hii ni feni tu. Kwa hiyo akaivaa kifundi, yaani bila kusoma maelekezo. Siku za kwanza alikiona cha mtema kuni. Barakoa ilikuwa inavuja pembeni na kumpulizia jichoni. Akikaza mikanda, asubuhi ana michirizi mashavuni, watu wanamuuliza amelalia nini. Alisahau kutia maji kwenye kitangi chake, akaamka koo kavu hata mate hayapiti. Alimeza hewa, akashinda akicheua mbele za wateja. Na usiku mwingine aliikuta sakafuni, ameivua mwenyewe bila kujua. Alirudi kliniki akitaka kuwarudishia. Muuguzi akamfundisha kuivaa mchana kwanza, amekaa tu anasikiliza redio, mpaka uso uizoee. Akampimia barakoa nyingine. Akamwambia masharubu yale ndiyo yanayovujisha hewa, naye Fundi, aliyeyatunza tangu ujana, akayanyoa bila ubishi.

Taratibu akazoea. Asubuhi moja aliamka kichwa hakigongi. Alikaa kitandani akishangaa, kisha furaha ikageuka uchungu, maana mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia hakuwepo. Alijiona mpumbavu, na kwa hilo hakujionea.

Jumapili akaweka mashine kwenye mfuko wake, akaenda kwa binti yake. Alimkuta Mama Wawili sebuleni na rundo la nguo za mtoto zilizotoka kuanuliwa.

"Sikuja kuongea," Fundi akasema. "Maneno yangu unayajua yalivyo. Nimekuja kulala. Nitazame mwenyewe, halafu uamue kama utarudi nyumbani."

Binti alicheka hadi akashika ukuta, lakini mama yake hakucheka. Alimsogezea mto. Fundi akajinyoosha kwenye kochi, akachomeka waya, akavaa barakoa, akawa kama rubani aliyestaafu. Mashine ikaanza kuvuma kidogo. Mama Wawili akavuta kiti akaketi na nguo zake. Fundi alikuwa amepania alale vizuri, na kweli akalala.

Alipoamka jua lilikuwa limehama dirishani. Rundo la nguo lilikuwa vilevile, haijakunjwa hata soksi. Mkewe alikuwa ukingoni mwa kiti, ameinama mbele, macho yako kifuani kwake.

Akavua barakoa. "Nimekoroma?"

"Hapana."

"Nimekata pumzi?"

"Hata mara moja. Mashine yako ni nzuri."

"Basi twende nyumbani."

Mama Wawili alimwonyesha lile rundo la nguo. "Tangu ulipofumba macho sijazigusa," akasema. "Naiona hewa inaingia, naiona inatoka. Najua haitakatika. Lakini mwili haunisikii, Baba Wawili. Unangoja tu."

"Utazoea. Hata mimi nimeizoea hii takataka."

"Hapa ninalala. Mtoto analia chumba kilekile ninacholala, mama yake anaamka, mimi sisikii. Asubuhi ndiyo naambiwa. Unajua mara ya mwisho kulala hivyo ilikuwa lini? Kabla hujanioa."

Fundi alikaa. Lile alilolibeba siku zote hizo likatoka vibaya, kwa sauti ya kukwaruza. "Neno nililosema mbele ya kaka zako. Lile la kungoja pumzi ya mwisho. Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe."

"Unasema tu."

"Ningekuwa na kinyongo ingekuwa rahisi. Ungeomba radhi, ningelia, yakaisha, tukaondoka wote sasa hivi. Hiki si kinyongo. Ni usingizi."

"Tulale vyumba tofauti."

"Nilijaribu, wewe hukujua tu. Kabla sijaja huku, ukishalala nilikuwa nahamia chumba cha watoto. Nikawa nakaa chini koridoni, sikio mlangoni kwako."

Mtu huyu ambaye kwa kila kitu alikuwa na jibu, alianza kukunja bomba la mashine, akalikunja vibaya, akalikunjua, akaanza upya. Alitaka kusema kwamba ile miaka angeirudisha kama ingewezekana, usiku mmoja mmoja. Alijua haiwezekani, akaendelea kukunja.

Mama Wawili alimsindikiza hadi nje. Alimwuliza kama anabadilisha maji ya kitangi kila siku, akasema anabadilisha. Akamwambia asithubutu kuivua hata akiwa na mafua, amuulize muuguzi kwanza. Akamfuta kwa kidole alama ya mkanda shavuni, wala haikufutika.

"Nikija Jumapili ijayo?" Fundi akauliza.

"Njoo," akasema. "Tutakula pamoja, utacheza na mjukuu wako. Ila usije ukalala."